Mahame ya Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Hame ni mahali palipowahi kukaliwa na watu, kisha pakaachwa. Katika nchi za mawe, hame huonekana kwa mbali. Vilima vya Ugiriki vina maelfu ya mahame ya namna hiyo, ambako misingi ya nyumba, kuta za ngome na nguzo za mahekalu zimebaki katikati ya malisho ya mbuzi na mashamba ya mizeituni, na mpita njia asiyejua lolote la historia hutambua kwamba hapo palikuwa na mji. Tanzania nayo ina mahame ya mawe. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa mkoani Arusha, ina vijiji vya mawe kwenye mteremko, mifereji ya umwagiliaji na mashamba yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, yote yakiwa yameachwa na wakulima waliotoweka baada ya kuishi hapo kwa karne kadhaa.

Nchi ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, haina magofu ya aina hiyo. Anayepita katika mashamba ya mpunga na kakao ya Makwale, Ipinda au Mwaya haoni ukuta wala nguzo ya kale. Hata hivyo ukanda huu umekaliwa na watu kwa muda mrefu kupita miji mingi ya mawe. Makazi yake ya kale yametawanyika kwenye tambarare, kwenye kingo za mito na chini ya Milima ya Livingstone, na alama zake zinahitaji jicho lililozoea. Alama hizo ni vigae vya vyungu, vipande vya chuma, udongo uliobadilika rangi, miti iliyopandwa kwa makusudi na mapango ya matambiko.

Nchi inayofukia nyayo zake

Tambarare ya Kyela imetengenezwa na maji. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka nyanda za juu ikiwa imebeba udongo wa volkano, na ikifika chini huumwaga karibu na ziwa. Mvua hapa ni miongoni mwa zile nyingi kabisa nchini, na hufikia kilele chake mwezi Aprili na Mei. Mto unapofurika huacha tabaka jipya la tope juu ya ardhi ya zamani, na mara nyingine huhama njia yake. Kwa hiyo kijiji cha miaka elfu moja iliyopita kinaweza kuwa chini ya mita kadhaa za udongo, huku mashamba ya leo yakilimwa juu yake bila mtu kujua.

Ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Mwaka 1915 maji ya Ziwa Nyasa yaliacha kutoka kwa njia ya Mto Shire, kwa kuwa kina cha ziwa kilikuwa kimeshuka na mchanga na mimea vikaziba mlango wa mto. Kwa takriban miaka 20 maji yaliendelea kupanda, hadi mto ulipofunguka tena mwaka 1935. Katika muda wote huo ziwa lilikuwa likimeza fukwe na kuwasukuma watu ndani ya nchi kavu. Mabadiliko kama hayo yametokea mara nyingi katika karne zilizopita, na ndiyo maana makazi ya kale ya pwani hayawezi kutafutwa kwenye ufuko wa leo peke yake.

Juu ya hayo, kuna majivu ya volkano. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa takriban miaka 4,000 iliyopita na kutapakaza mawe mepesi na majivu katika eneo pana. Mlima Kyejo ulio jirani yake ulitoa lava karibu mwaka 1800, yaani katika kumbukumbu za mababu ambao majina yao bado yanatajwa. Majivu haya hufunika mahame, lakini pia humsaidia mtafiti. Tabaka la majivu ambalo umri wake unajulikana ni kipimo: kilicho chini yake ni cha kabla ya mlipuko, na kilicho juu yake ni cha baadaye.

Wakaaji wa kwanza

Ushahidi wa zamani zaidi katika ukanda huu umepatikana ng'ambo ya Mto Songwe, wilayani Karonga nchini Malawi, ambako ardhi kavu zaidi imehifadhi mabaki vizuri. Mwaka 1991 kundi la watafiti lililoongozwa na Friedemann Schrenk na Timothy Bromage lilipata huko Uraha taya la kiumbe wa jenasi ya binadamu, linalokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 2.4. Ni miongoni mwa mabaki ya zamani kabisa ya jenasi hiyo duniani.

Katika Karonga hiyo hiyo, utafiti ulioongozwa na Jessica Thompson na kuchapishwa mwaka 2021 uliunganisha zana za mawe zilizopatikana ardhini na chavua na mkaa uliohifadhiwa katika tope la chini ya ziwa. Ulionyesha kwamba miaka takriban 85,000 iliyopita watu wa pwani hii ya kaskazini walikuwa wakichoma moto nyika kiasi cha kubadilisha uoto wa nchi. Misitu haikurudi kama ilivyokuwa ikirudi zamani mvua zilipoongezeka. Huo ni mmoja wa mifano ya kale kabisa inayojulikana ya binadamu kubadilisha mazingira yake kwa moto.

Wakulima wenye vyungu na chuma walikuja baadaye sana. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Keith Robinson alifanya uchunguzi na uchimbaji wilayani Karonga, akatambua aina ya vyungu iliyopewa jina la Mwavarambo. Ni vyungu vya Zama za Mwanzo za Chuma, vya watu waliolima, kufuga na kutumia chuma katika milenia ya kwanza Baada ya Kristo. Mto Songwe umekuwa mpaka wa mataifa tangu enzi za ukoloni tu. Kwa wakulima wale wa kwanza, Karonga na Kyela zilikuwa tambarare moja yenye ziwa moja.

Katika karne hizo hizo za mwanzo, Bahari ya Hindi ilikuwa tayari imeingia katika maandishi ya Wagiriki. Mwongozo wa safari za baharini ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza unaitaja Rhapta, soko la pembe za ndovu kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na mwanajiografia Ptolemy akaitaja tena katika karne ya pili. Magofu ya Rhapta hayajapatikana hadi leo. Mji uliojulikana na wafanyabiashara wa dunia nzima unaweza kupotea ikiwa umejengwa kwa miti na udongo. Hata Kilwa, msafiri Ibn Battuta alipoitembelea mwaka 1331, aliieleza kama mji wa nyumba za mbao, kwa kuwa kuta za mawe zilikuwa sehemu ndogo tu ya mji.

Nyumba ya mianzi

Sababu kuu ya Kyela kukosa magofu ni ufundi wake wa ujenzi. Wanyakyusa, wakaaji wa nchi hii, walijenga kwa mianzi. Fito za mianzi zilisimamishwa na kufungwa pamoja, nafasi katikati yake zikajazwa udongo uliofinyangwa kwa mkono, na paa likaezekwa kwa nyasi. Ng'ombe walilala ndani ya nyumba, upande wao, ili wawe salama usiku. Ua ulifagiliwa kila siku, na nyumba zote zilizungukwa na migomba.

Wasafiri wa kwanza kutoka Ulaya waliisifu sana nchi hii. James Frederic Elton alipita hapa mwaka 1877. Joseph Thomson alifika mwezi Septemba 1879 na msafara uliokuwa na Chuma, yule aliyekuwa mtumishi wa David Livingstone. Thomson alistaajabia usafi wa vijiji, kivuli cha migomba na uzuri wa nyumba zenyewe, hata akaifananisha nchi na Arcadia, ile sehemu ya Ugiriki ambayo washairi wa Ulaya waliisifu kama makao ya amani.

Nyumba iliyomstaajabisha Thomson haikudumu. Mianzi huliwa na mchwa na kuoza, na udongo wake huyeyuka kwa mvua. Baada ya miaka michache ya kuachwa, mahali pa nyumba hubaki kijinuko kidogo, kisha hata hicho husawazishwa na jembe. Udongo wa volkano wenye mvua nyingi huozesha pia mifupa, kwa hiyo mabaki ya chakula na ya mifugo hupotea mapema kuliko katika nchi kavu.

Hata hivyo ardhi huhifadhi mengi. Mahali nguzo ilipochimbiwa, udongo uliojaza shimo baadaye huwa na rangi tofauti, na mchimbaji anayekwangua taratibu huona duara jeusi baada ya duara jeusi mpaka umbo la nyumba linajitokeza. Upande waliolala ng'ombe, samadi ya miaka mingi huacha fosfati inayopimika maabara. Migomba nayo huacha ardhini chembe ndogo sana za silika, zenye umbo linalofahamika kwa darubini, zinazodumu mamia ya miaka baada ya jani kuoza. Mafiga yaliyogeuzwa matofali na moto, jiwe la kusagia lililochakaa katikati na tabaka la majivu ya jikoni huonyesha mahali familia ilipopika na kula.

Vijiji vya marika

Mtawanyiko wa mahame ya Kyela una sababu nyingine katika mila. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza utaratibu wa makazi ambao ni nadra duniani. Watu hawakukaa kwa koo. Walikaa kwa marika. Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi waliondoka kwenye nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji na kulala huko pamoja, ingawa walirudi kula kwa mama zao. Walipokua na kuoa, vibanda vile vikawa kijiji kamili. Kijiji cha baba zao kilizeeka na wenyewe, na walipokufa ardhi ikaangukia mikononi mwa wengine.

Mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe kubwa ya kukabidhi madaraka. Nchi ya malafyale, yaani chifu, iligawanywa kwa wanawe wawili wakuu, mipaka ya vijiji ikapangwa upya na miti ikapandwa kuonyesha mahali malafyale mpya aliposhika nchi. Kwa hiyo kila kizazi kiliacha mahame yake na kuanzisha vijiji vipya, mara nyingi umbali mfupi tu kutoka vile vya zamani. Eneo dogo lingeweza kubeba mabaki ya vizazi vingi bila kimoja kupanda juu ya kingine kama ilivyo katika miji ya mawe.

Mti uliopandwa siku hiyo ulidumu kuliko nyumba. Machifu walizikwa mahali palipoachwa kuwa msitu, na ilikuwa mwiko kukata mti hapo. Katika tambarare iliyolimwa karibu yote, kichaka kikubwa cha miti ya kale kilichosimama peke yake katikati ya mashamba mara nyingi ndicho alama inayoonekana zaidi ya makazi ya kale.

Vyungu na majembe

Kitu kinachopatikana kwa wingi katika kila hame ni kigae. Chungu huvunjika upesi, lakini vipande vyake haviozi. Umbo la mdomo, unene wa ukuta, mapambo na aina ya udongo humwambia mtaalamu zama za chombo na mahali kilipotoka.

Katika pwani hii wafinyanzi wakuu ni wanawake wa Kikisi, wanaoishi Ikombe na vijiji vingine kwenye ukingo mwembamba kati ya ziwa na Milima ya Livingstone. Ardhi yao ya kulima ni ndogo na ina mawe mengi, na kwa sababu hiyo waliishi kwa kufinyanga na kuvua. Mfinyanzi wa Kikisi hukaa chini na hana gurudumu la kuzungusha kwa mguu. Bonge la udongo huwekwa juu ya chombo kipana kinachozungushwa kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukiinua ukuta. Chombo hukaushwa, hulainishwa, hupambwa, kisha huchomwa kwa moto wa wazi wa kuni na nyasi. Kisha vyungu hupangwa kwenye mitumbwi na kupelekwa Matema, Mwaya na hata ng'ambo ya Songwe, ambako zamani vilibadilishwa kwa nafaka.

Biashara hiyo ina maana kubwa kwa historia. Chungu cha Ikombe kikipatikana katika hame la tambarare ya Makwale, kinathibitisha kwamba wakaaji wake walikuwa na ziada ya chakula ya kubadilisha na kwamba njia ya maji ilitumika.

Chuma kilikuja kwa njia nyingine. Wanyakyusa hawakuyeyusha chuma wenyewe. Majembe na mikuki yao ilitoka kwa Wakinga wa juu ya Milima ya Livingstone, waliochimba mawe ya chuma, kuyayeyusha katika matanuru ya udongo na kushuka na bidhaa zao kutafuta chakula. Kwa hiyo matanuru na malundo ya mavi ya chuma hutafutwa milimani, na jembe lenyewe, lililochakaa hadi kubaki kipande, hutafutwa tambarare. Jembe lilithaminiwa kupita kazi ya shambani, kwa kuwa lilitolewa pia katika mahari na kupelekwa kama sadaka mahali pa matambiko.

Chumvi nayo ina mahame yake. Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, ina chemchemi za chumvi ambapo Brian Fagan na John Yellen walichimba mwaka 1966 na kukuta mabaki ya makazi na ya utengenezaji wa chumvi ya kati ya karne ya 13 na ya 15. Nyanda za juu za kusini zilikuwa zimeunganishwa na biashara ya chuma, chumvi, vyungu na chakula karne nyingi kabla ya misafara ya pwani kufika.

Mahali pa matambiko

Mapokeo ya Wanyakyusa na jirani zao Wangonde yanasema kwamba machifu wao walishuka kutoka Ukinga takriban vizazi kumi kabla ya utafiti wa akina Wilson, wakawakuta wenyeji waliotangulia. Mashujaa watatu wanatajwa zaidi, na kila mmoja ana mahali pake. Lwembe aliheshimiwa katika msitu wa Lubaga, ambako machifu walipeleka ng'ombe na majembe ili kuomba mvua na rutuba. Kyala anahusishwa na pango kwenye ufuko wa ziwa karibu na Ikombe. Kyungu alivuka hadi Ungonde na kukaa kwenye kilima cha Mbande, wilayani Karonga, ambako warithi wake walikaa kwa vizazi vingi, wakapata nguvu kutokana na biashara ya pembe za ndovu. Kilima hicho nacho kilichunguzwa na Robinson, na vigae vyake vinaonyesha makazi ya muda mrefu.

Sehemu hizi tatu zinaonyesha jinsi mapokeo ya mdomo yanavyoweza kumwongoza mchimbaji. Simulizi la wazee hutaja kilima, msitu au pango, na ardhi ikichunguzwa huthibitisha, husahihisha au huongeza. Monica Wilson aliandika mengi ya simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu ibada za jamii ya Wanyakyusa, wakati wengi wa walioshuhudia ibada hizo wakiwa bado hai.

Mawe na matofali ya wageni

Majengo ya kudumu yaliletwa na wageni. Mwaka 1891, mwaka mmoja baada ya Uingereza na Ujerumani kugawana nchi, wamisionari Wajerumani wa makundi mawili walifika kwa njia ya ziwa. Wamoraviani walianzisha Rungwe mwaka huo huo na Ipyana, kwenye tambarare ya Kyela, mwaka 1894. Wamisionari wa Berlin, chini ya Alexander Merensky, walijenga kwenye kilima walichokiita Wangemannshöhe, kisha Manow na vituo vingine, pamoja na Ikombe mwaka 1893.

Serikali ya Kijerumani ilifuata. Hermann von Wissmann aliongoza msafara uliosafirisha meli katika vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, na mwaka 1893 kituo cha Langenburg kikawa tayari kwenye ghuba ya Lumbira, chini ya milima, mashariki mwa Ikombe. Bandari ilikuwa nzuri, lakini ukingo ulikuwa finyu na homa ilikuwa nyingi. Mtaalamu wa mimea Walter Goetze alifia hapo mwaka 1899. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao ya wilaya yalihamishiwa nyanda za juu, mahali palipoitwa Neu-Langenburg, ambapo leo ni Tukuyu, na Langenburg ya zamani ikawa hame baada ya uhai wa miaka isiyotimia kumi. Meli iliyoitwa kwa jina la Wissmann iliendelea kusafiri ziwani hadi tarehe 13 Agosti 1914, iliposhambuliwa na kuharibiwa na Waingereza huko Liuli.

Ulinzi wa mahame

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja vitu na majengo yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Chungu cha zama za chuma kilicholala shambani kinalindwa na sheria hiyo sawasawa na msikiti wa Kilwa. Vituo vya wamisionari na Langenburg, vilivyojengwa baada ya mwaka huo, huhitaji kutangazwa na waziri ndipo vipate ulinzi kamili.

Hatari kwa mahame ya Kyela hutoka katika kazi za kila siku. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa kwa ajili ya matofali, mashamba ya mpunga husawazishwa, mitaro ya maji na misingi ya nyumba huchimbwa, na miti ya misitu ya makaburi hukatwa pale mwiko unaposahauliwa. Kila mojawapo ya kazi hizo inaweza kufuta kwa siku moja kilichodumu miaka mingi, kwa sababu hakuna ukuta wa kumwonya mwenye jembe.

Hizo hizo ndizo kazi zinazofichua. Anayechimba mtaro Makwale na kukutana na vigae vingi pamoja, mafiga, jiwe la kusagia au udongo mweusi wenye majivu amekuta hame. Utaratibu unaofaa ni kusimamisha uchimbaji mahali hapo, kuacha vitu vilipo bila kuvikusanya, kwa kuwa kina na mpangilio wake vina habari kuliko kigae chenyewe, na kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji ili iwafikie maofisa wa mambo ya kale. Wazee wanaojua majina ya machifu waliozikwa katika kila kichaka ni sehemu ya ushahidi huo huo, na maelezo yao yanapaswa kuandikwa pamoja na ramani ya mahali penyewe. Taya la Uraha na vyungu vya Mwavarambo vilipatikana kwa uchunguzi wa kitaalamu wilayani Karonga, upande wa pili wa mto. Upande wa Kyela nao unastahili kutafutwa kwa bidii ile ile.